Programu ya sekirite ku kazi: maswali yenye munaniuliza kila mara

Niko mu kazi ya sekirite hapa Lubumbashi, nimepita mu shantie, mu izini, mu atelie kubwa na ndogo. Maswali ya hapa chini yote niliulizwa na watu wa kweli: madelege, mashefu wa timu, mama mumoja mwenye karakana ya mbao, vijana wa staji. Yanarudia kila mwezi, njo maana naona heri niyaandike fasi moja. Kama jibu moja linakutuma ku lingine, tafazali fata, sitaki kurudilia.

## Mwanzo

Programu ya sekirite ni nini hasa? Si ni kaske na mabote?

Hapana. Kaske na mabote ni vitu vya kuvaa. Programu ni namna kampuni inajua hatari zake, inaamua itafanya nini juu yake, nani atafanya, lini, kisha inarudi kuangalia kama ilifanyika na kama ilisaidia kitu. Ni mzunguko: panga, fanya, angalia, rekebisha, anza tena. Fasi mingi hapa kwetu wanafanya paka zile mbili za kwanza, wanapanga, wananunua, basi. Kuangalia na kurekebisha hakuna, na kule njo watu wanaumia.

Nani anapashwa kuiongoza, mutu wa sekirite ao patro?

Patro. Miye mutu wa sekirite naweza kushauri, kufundisha, kupima, kupiga kelele, lakini siye mwenye kusaini feza na siye mwenye kuamua kazi iende mbio namna gani. Shefu wa timu akisema "malizeni leo hata usiku", maneno yangu ya asubui yote yamekufa pale pale. Kwa hiyo ukiona kampuni yenye patro anasema "sekirite ni ya yule kijana wa biro ya mwisho", ujue programu haiko, kuko mutu tu mwenye watamushitaki siku kitu kikitokea.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Kode ya kazi ni Sheria 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ilibadilishwa kidogo mu 2016. Kuko sehemu nzima juu ya afya na sekirite ku kazi, na mwajiri njo anabebeshwa muzigo. Mu 2008 kulitoka arete ya waziri yenye kupanga namna ya kamati ya sekirite, usafi na kupendezesha fasi ya kazi, yenye wafanyakazi nao wanaikala ndani. Kisha kuko CNSS, mufuko wa serikali wa kusaidia wafanyakazi, yenye wazee wanaendelea kuita INSS: kwa hatari za kazi mwajiri analipa 1.5% ya mushahara, yeye peke yake, mufanyakazi hakatwi kitu kwa hiyo sehemu. Hii ya mwisho watu mingi hawaijui. Angalia bulletin yako ya mushahara, na uulize kama uko declaré kweli, ju aksida ikikukuta na jina lako haliko kule, utateseka sana kupata haki.

Juu ya hiyo, mu Juni 2022 shirika la kazi la dunia, OIT, liliingiza fasi ya kazi salama mu haki za musingi za mufanyakazi, fungu moja na kukataza kazi ya watoto na kazi ya kulazimisha.

Atelie yangu iko na watu 6 tu. Na miye napashwa kuwa na programu?

Ndiyo mama, na yako itakuwa nyepesi kuliko ya kampuni ya watu 600. Kwa watu 6 inatosha kaye moja. Ukurasa wa kwanza: masini yote na kila moja inaweza kuumiza namna gani. Wa pili: tumeamua nini. Wa tatu na kuendelea: kila kitu chenye kiliumiza ao kilikosa kidogo kuumiza, na tarehe. Kila juma moja muikale dakika 15 muisome pamoja. Niliona kaye ya namna ile mu atelie moja ya Katuba, ya mafuta mafuta, kurasa zimekunjika, na ilikuwa na maana kuliko klaseri 3 zenye niliona juma lile lile ku kampuni kubwa.

## Kuiendesha kila siku

Hatari tunaziandika namna gani?

Usikopi liste ya kampuni ingine, wala usiikale mu biro. Enda ku kazi, simama karibu na mutu mwenye anafanya, umuangalie toka mwanzo mpaka mwisho, kisha umuulize swali moja: "fasi gani mu hii kazi njo unaogopaka?" Atakuonyesha. Atakuambia ule kabo wa umeme wenye unalala mu maji wakati wa mvua, ile ngazi yenye wanafunga na kamba, saa ile kamyo zinarudi nyuma na jua liko mu macho ya shofere.

Kisha kila hatari unajiuliza mbili: inaweza kuumiza kwa ukali gani, na inaweza kutokea mara ngapi. Zenye zinaweza kuua zinapita mbele hata kama hazijatokea hata siku moja. Watu wanakosea hapo, wanatumia mwaka muzima ku watu wenye kuteleza, na tanki ya asidi haina hata ukuta wa kuzuiya ikimwangika.

Kwa nini unasema kaske ni ya mwisho?

Ju kaske haiondoe hatari, inangojea tu ikuangukie. Kwanza jaribu kuondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, badilisha kitu na kingine chenye hakina ukali. Ikishindikana, tenganisha mutu na hatari: funika mukanda wa masini, weka garde-fou, mwagia maji vumbi. Halafu njo unakuja ku mipango, zamu, alama, mafunzo. Ya mwisho kabisa ni vya kuvaa.

Mufano wa kwetu: wakati wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, vumbi la kukata mawe na beto na ile masini ya diski. Kampuni zinanunua maski ya karatasi. Kumbe bomba ndogo ya maji ku diski inaangusha vumbi lile mbele haijafika mu pua. Maski ivae tena, ndiyo, lakini bomba njo imefanya kazi.

Induksio yetu iko mu kifaransa, mapicha 60 ku ukuta. Inatosha?

Kama watu wanaongea Kiswahili ku kazi, fundisha mu Kiswahili, ao mu Kibemba, ao mu Chiluba, mu ile yenye wanaelewa bila kutafsiri mu kichwa. Sinyatire ku liste ya waliofika haionyeshe kama mutu alielewa. Nifanyavyo miye: nikimaliza, namupa mutu ekstenta ya kuzima moto mu mukono, namwambia "nionyeshe". Zaidi ya nusu ya mara za kwanza, mutu anatafuta goupille, ile pini ya kuvuta, na haioni. Njo pale mafunzo yanaanza.

Kozeri ya asubui, ile mazungumuzo ya sekirite mbele ya kazi, imekuwa kama misa, watu wanasinzia. Tufanye nini?

Punguza maneno yako. Dakika 10, kitu kimoja, cha ile siku ile kazi. Mupe neno mutu mwenye jana aliona kitu. Na uanze na jibu la kitu chenye walikuambia juma lililopita: "mulisema taa ya nyuma ya depo imekufa, imewekwa jana saa 10". Ukikosa kuleta majibu mara 3 mufululizo, watanyamaza, na kuwafungua kinywa tena itakuomba mwaka.

Jurnalie (mutu wa kazi ya siku) na watu wa sutretan (kampuni ingine yenye inapewa sehemu ya kazi), nao wamo?

Wamo, na wao njo wa kwanza. Jurnalie anachukuliwa ku mulango asubui, hajui fasi, hajui alarme, anaogopa kukataa kazi ju kesho hawatamuita tena, na mara mingi wanamupa ile kazi yenye watu wa kudumu walikimbia. Ukihesabu aksida, hesabu zake nazo, na saa zake za kazi nazo. Kampuni yenye tablo yake iko safi ju watu wenye kuumia ni wa sutretan haijapunguza hatari, imezisukuma kwa mutu muzaifu.

Ruhusa ya kazi ya hatari ni karatasi tu. Inasaidia nini?

Inasaidia zamu ya usiku kujua zamu ya muchana iliacha nini wazi. Tarehe 6 Julai 1988, ku jukwaa la mafuta Piper Alpha, mu bahari ya Kaskazini karibu na Scotland, pompe moja ilikuwa imetolewa valve ya sekirite kwa matengenezo. Watu wa usiku hawakupata habari ile, waliwasha ile pompe. Walikufa watu 167. Kwa hiyo karatasi isainiwe pale pale mbele ya masini, watu wawili wa zamu mbili wakiangaliana, na kufuli iwe ku swichi na ufunguo mu mufuko wa mwenye anafanya kazi ndani. Kusaini 5 kwa mupigo ku meza ya biro hiyo ni kucheza na watoto wa wenyewe.

## Kupima: inafanya kazi ao hapana?

Tutajua namna gani kama programu inafanya kazi?

Nitakuambia kitu chenye niliona na macho yangu. Kwenye izini moja yenye kutumia asidi sulfiriki, waliniomba nipite kuangalia mbele ya odite. Kando ya tanki kulikuwa duche ya haraka, ile yenye mukono wa njano. Pembeni walitundika karatasi mu nailoni, alama ya OK juma kwa juma, miezi 8, zote na bic ile ile, hata mukunjo wa alama ulikuwa sawa. Nilivuta mukono. Maji ya rangi ya kutu ilitoka, labda kikombe kimoja, kisha upepo tu. Tanki ya juu ilikuwa kavu, ju maji ya mji ilikatika na mutu alifunga valve, akasahau kuifungua.

Asidi ikikumwangikia unapashwa kujisukula na maji mingi mara moja, dakika 15 ao zaidi. Pale kulikuwa kikombe kimoja.

Hakuna mutu mubaya mu hiyo habari. Kijana wa alama aliambiwa "ujaze karatasi", akajaza. Hakuna mwenye alimwambia "vuta mukono, hesabu dakika, angalia rangi ya maji". Toka siku ile kupima programu kwangu ni kuvuta mukono: wasa alarme uone nani anatoka na anaenda wapi, fungua sanduku la dawa uone tarehe, uliza mutu wa tatu ku laini kama anajua namba ya ambulansi. Karatasi nasoma kisha.

TF na TG zinahesabiwa namna gani?

TF (taux de fréquence, aksida zinatokea mara ngapi) ni hesabu ya aksida zenye zilimusimamisha mutu kazi, mara 1,000,000, gawa na saa zote za kazi. TG (taux de gravité, ukali wake) ni siku za kazi zenye zilipotea, mara 1,000, gawa na saa zile zile.

Tuseme uko na watu 80, saa 45 kwa juma, majuma 48. Hiyo ni saa 172,800. Aksida 2 mu mwaka: TF ni 11.6. Siku 40 zilipotea: TG ni 0.23. Angalia vizuri: Wamarekani wanazidisha na 200,000, kwa hiyo kwao aksida zile zile 2 zinatoa 2.3. Nilishaona mutu analinganisha hizi mbili mu raporti moja na kushangilia.

Na tena: aksida moja ikipunguka, TF yako inaanguka toka 11.6 mpaka 5.8. Nusu! Programu haikubadilika, labda ni bahati tu. Kwa kampuni ndogo usiamini TF ya mwaka mumoja, angalia miaka 3 ao 4 pamoja.

Tuko na siku 900 bila aksida ku tablo ya mulango. Hiyo haitoshi?

Tarehe 20 Aprili 2010, viongozi walipanda ku jukwaa la kuchimba mafuta Deepwater Horizon, mu ghuba ya Mexico, na mu sababu za safari ile kulikuwa kupongeza timu kwa miaka 7 bila aksida ya kusimamisha mutu kazi. Usiku ule ule ikalipuka, watu 11 wakafa. Miaka 5 mbele ya pale, tarehe 23 Machi 2005, ku izini ya mafuta ya Texas City, 15 walikufa, na uchunguzi wa kisha ulionyesha wakubwa walikuwa wanaangalia namba za aksida ndogo za vidole na miguu, wakafikiri sekirite yote iko muzuri.

Vidole vilivyokatika na tanki yenye italipuka ni vitu viwili, kila kimoja kinapimwa kivyake. Tablo yako inaongea juu ya kile cha kwanza, na hata pale inaongea ukweli kama watu hawafichi. Juu ya kuficha soma jibu la prime hapa chini.

Basi tuhesabu nini?

Hesabu vitu vyenye vinatokea mbele ya aksida. Mimi natumia vichache tu. Watu wametuletea mambo ngapi mwezi huu, hatari ao "ilikosa kidogo". Kati ya hizo, ngapi zimerekebishwa kweli, na mu siku ngapi. Vifaa vyenye vinaokoa maisha vimejaribiwa, si kuandikwa, ngapi juu ya ngapi. Shefu mwenyewe alishuka ku kazi mara ngapi.

Ya pili njo nashikamana nayo kuliko zote. Kama wamekuletea 40 na umefunga 35, watu wanaamini. Kama 40 na umefunga 6, mwezi ujao watakuletea 10, na mutu wa biro ataandika "hatari zimepunguka".

Wengine watakutolea ile piramide ya Heinrich ya 1931: aksida 1 kubwa, 29 ndogo, 300 bila jeraha. Wazo la kusikiliza zile ndogo ni zuri, lakini usichukue namba zile kama sheria. Ukipunguza kuteleza mu kantini haupunguzi kulipuka kwa tanki.

Prime ya "sifuri aksida" inasaidia ao inaharibu?

Inaharibu. Fasi moja prime ilikuwa mufuko wa unga wa kilo 25 kwa kila mutu wa timu, mwisho wa mwezi, kama hakuna aksida. Kijana mumoja alichanwa kidole na diski tarehe 22. Aliikala siku 4 mukono mu mufuko wa salopeti, wenzake wanamusaidia kubeba, ju wote walikuwa na watoto ku nyumba na unga ulikuwa ghali. Siku ya 5 harufu njo ilimuuza. Alipoteza kidole chenye daktari angeokoa siku ya kwanza.

Ukitaka kutoa zawadi, toa kwa mutu mwenye alileta hatari, ao kwa timu yenye ilirekebisha mingi. Usitoe hata siku moja kwa kunyamaza.

ISO 45001 ni nini, na sertifika inamaanisha tuko salama?

Ni kanuni ya dunia ya 2018 juu ya mufumo wa sekirite, ilichukua nafasi ya OHSAS 18001. Inasaidia, inakulazimisha kusikiliza wafanyakazi na kufanya ule mzunguko wa juu. Lakini odita anakaa siku chache, anaona kile munamuonyesha. Mukono wa njano anaweza asiuvute.

## Kisha aksida

Ripoti zetu zote zinamalizika na "makosa ya mufanyakazi". Ni kweli?

Mara chache, na hata ikiwa kweli haisaidii. Mutu aliteleza. Kwa nini? Mafuta chini. Kwa nini? Pompe inavuja. Kwa nini? Joint haikubadilishwa. Kwa nini? Iliombwa mara 3, magazini haina. Kwa nini? Bije ya vipuri ilikatwa mu Januari. Sasa, utamupa yule mutu barua ya onyo, ao utaongea na mwenye alikata bije? Ukisimama ku "hakuwa makini", joint itaendelea kuvuja na mwingine ataanguka.

Watu wanasema ile aksida ni bulozi. Nijibu nini?

Usiwacheke. Mutu amepoteza rafiki, anatafuta maana. Muombe pamoja, wape familia heshima yake, muende ku kilio. Na kisha kilio, mwambie kwa upole: mulozi ao si mulozi, kabo ule ulikuwa umechubuka na tunaubadilisha leo. Sijaona mutu hata mumoja mwenye alikataa kubadilisha kabo.

Niligongwa na pikipiki nikienda ku kazi. Inahesabiwa?

Aksida ya njiani, kati ya nyumba na kazi, inaingia mu hatari za kazi za CNSS, kama hukupotoka kwa mambo yako mwenyewe. Ambia mwajiri siku ile ile, shika majina ya wenye waliona, na karatasi ya daktari usiipoteze.

## Maswali magumu

Naweza kukataa kazi yenye naona itaniua?

Musingi uko: konvansio 155 ya OIT ya 1981 inasema mutu mwenye anajitoa fasi ya hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya kweli, asiazibiwe. Ku kazi fanya hivi: simama, usiondoke ku kampuni, ita shefu na delege, sema hatari kwa maneno mafupi mbele ya mashahidi, omba kazi ingine wakati wanarekebisha. Wakikulazimisha, inspeksio ya kazi iko. Najua kwa jurnalie hii ni ngumu, njo maana namuomba kila delege asimame na jurnalie, asimwache peke yake mbele ya shefu.

Mutu anafika na harufu ya pombe ya lutuku. Tumufukuze?

Leo hapandi ku masini wala ku kamyo, hiyo haijadiliwe. Muweke fasi salama, mumurudishe nyumbani na mutu, asiende peke yake. Kesho akiwa muzima, muongee. Na muulize tena namna ya zamu: nimeona watu wa usiku wa saa 12 kwa 12, majuma 3 bila repo, wanakunywa ili walale muchana mu nyumba ya mabati yenye joto. Azabu bila kugusa zamu haitatengeneza kitu.

Vumbi na kelele: hakuna mwenye ameumia, kwa nini tujisumbue?

Ju hizi haziingie mu TF kamwe. Vumbi la silika linaharibu mapafu pole pole, silikosi inaweza kuonekana miaka 10, 20 kisha, wakati mutu ameshaacha kazi, na haina dawa ya kuirudisha nyuma. Vumbi la kobalti nalo linaweza kuleta asma. Kwa kelele, wataalamu wengi wanaweka mupaka ku desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 zikiongezeka muda unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Huna masini ya kupima? Simama meta moja na mwenzako; kama munapashwa kupiga kelele ili musikilizane, iko juu ya mupaka ao karibu.

Programu hapa inapimwa na vipimo vya watu: radio ya kifua, kupuliza mu masini ya mapafu, kupima masikio, wakati mutu anaingia kazi na kila mwaka. Dosie ibaki, na mutu apewe kopi yake mu mukono. Hiyo kopi naisisitiza sana. Kampuni zinafungwa, zinauzwa, zinabadilisha jina, na mzee wa kikohozi anabaki mu komini ya Kenya ao ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, bila karatasi hata moja ya kuonyesha alifanya kazi wapi.

Patro anasema hakuna bije. Tuanze na nini?

Mulete liste ya vitu 3 tu, na bei zake, na kila kimoja kinaweza kuua nani kwa jina lake. Si "mufanyakazi", sema jina, mwenye anasimama pale kila siku. Nyingi hazina hata bei: kufungua valve ya duche, kusogeza fasi ya watu mbali na njia ya kamyo, kuwasha alarme Juma Tatu ya kwanza ya mwezi. Fanyeni hizo juma hili, na mwende na tarehe za zenye zimekamilika wakati munarudi kuomba feza ya zile zenye zinabaki.